Ndoa Iliyofungwa Mbele ya Kamera

Sehemu ya Tisa

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza na ajue haya machache. Naitwa Shawkat Nurullah, mtunzi na mtayarishaji wa filamu jijini Kairo. Kwa miaka sita nimetunga filamu thelathini na moja, zote za kuuzwa katika kanda za video huko nchi za Ghuba, na hakuna hata moja ambayo ningethubutu kumwonyesha mwalimu wangu yeyote. Nilisoma shule ya bweni Aleksandria, mahali ambapo mwanafunzi alichapwa kwa kusema uongo, kisha akachapwa tena ikiwa aliusema kwa sarufi mbovu. Nikatoka hapo, nikaenda kuishi kwa uongo.

Wiki iliyopita niliwaacha katika fleti ya kupanga ya barabara ya Haram, siku ya sita ya filamu ya siku tisa. Mwigizaji wetu wa kike, Lawahiz, alikuwa ameondoka na mawigi yake na ya wenzake, akiapa kwamba harudi mpaka Wagdi Fakhri ajifunze kuituliza mikono yake.

Wagdi Fakhri ndiye nyota wetu. Ana miaka hamsini na minne na huigiza vijana wa miaka ishirini na mitano. Taa zikikolea, rangi ya nywele humtiririka shingoni mpaka kwenye kola, na sisi huita hilo jasho la mapenzi.

Basi nikiwa nimesimama katikati ya fleti isiyo na mwigizaji, akaingia mshirika wangu, Haji Bayumi. Huyu aliuza nguo kuukuu Bulaki kabla hajagundua kwamba filamu nazo huuzwa kwa robota. Mkononi alikuwa na sahani ya matumbo yaliyojazwa wali, na alizungumza huku akitafuna.

"Ustadh, mnunuzi kapiga simu. Filamu kaikataa."

"Anaikataaje na haijaisha?"

"Anasema mume na mke wanaonekana chumbani, na hakuna aliyewaona wakioana. Kule kwao itakatwa. Anataka ndoa. Ndoa nzima, mwanzo mpaka mwisho, si ile yetu ya nusunusu."

Ile ya nusunusu ilikuwa na sababu. Katika kazi yetu, ndoa ya filamu haifungwi ikatimia. Mtunzi mwenye akili humwingiza mtu mlangoni akapiga ukelele kabla bwana harusi hajajibu, au kamera hugeukia wapiga ngoma. Kila Mwislamu anajua kwa nini: katika ndoa, dini haitambui mzaha. Hata wahuni wa fani hii, ambao sijawaona wakiogopa kitu kingine, waliliogopa neno lile la mwisho, la kukubali.

"Na bibi harusi atakuwa nani?" nikauliza. "Lawahiz hayupo."

"Bibi harusi anavaa shela, Ustadh. Ndani ya shela mtie yeyote." Akalamba kidole, macho yake yakaenda mlangoni. "Hata huyu."

Mlangoni alikuwa amesimama Nihal na kurasa alizonipigia chapa asubuhi ile. Nihal ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu ana miaka tisa, sasa ana ishirini na mitatu, na Alhamisi ya wiki iliyokuwa ikifuata alikuwa aolewe na Hatim, mhandisi wa maji, kijana mnyofu kama rula. Kwa miaka minne nilikuwa nimempiga marufuku kuvuka kizingiti cha mahali ninapopiga filamu. Alileta kurasa, akazikabidhi, akaondoka. Ndiyo ilikuwa sheria.

Nilikataa. Naomba iandikwe kwamba nilikataa. Nilikataa kwa dakika nne hivi.

"Ami, si shela tu?" akasema Nihal. "Naitikia kwa kichwa mara moja, mnamaliza, tunakwenda kula. Unadhani uso wangu utaonekana?"

"Hatim akijua?"

"Hatim haangalii filamu zako. Aliangalia moja, akaniomba radhi."

Haji Bayumi akacheka mpaka wali ukamtoka puani. Nikasema sawa.

Mzee aliyeigiza baba wa bibi harusi naye hakupatikana. Alikuwa ghorofa ya juu, akifa katika filamu ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa na mvi, nilikuwa na tai, na mistari nilikuwa nimeiandika mwenyewe. Nikachukua nafasi yake.

"Na shehe wa kuozesha?"

"Shehe niachie mimi," akasema Haji. "Nitaleta mwenye kilemba chake na daftari lake, tusikodi hata kalamu."

Akamleta. Alikuwa mzee mfupi, miwani minene kama vitako vya glasi, mkoba wa turubai kwapani. Aliitwa Shehe Mitwalli. Alizitazama taa, akaitazama kamera, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Siku hizi hata harusi mnazipiga filamu," akasema. "Haya. Mungu atusamehe."

Mpakaji vipodozi wetu akaninong'oneza, "Huyu wamemtoa wapi? Keshaanza kuigiza na kamera haijawaka!"

Ndugu wasomaji, nami niliwaza vivyo hivyo.

Niliamuru maneno yote yatamkwe kamili. Hapo ndipo kiburi changu kiliponishika mkono. Nilikuwa nimechoshwa na filamu ambazo shehe hunung'unika kama mwenye jino bovu, na nikatangaza mbele ya watu wote kwamba ikiwa tunapiga ndoa, basi katika filamu ya Shawkat Nurullah itakuwa ndoa iliyosemwa sawasawa. Kopo la filamu mbichi lilikuwa moja, la mwisho. Tungepiga mara moja tu.

Kamera ikaanza kunguruma.

"Vitambulisho," akasema shehe.

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Wagdi akacheka, akatoa chake. Nihal akatoa chake mkobani. Mimi nikatoa changu, huku nikifurahi moyoni kwamba hatimaye nimepata mwigizaji anayefikiri. Shehe akaandika taratibu, akilamba ncha ya kidole kila alipogeuza ukurasa. Akawaita mtu wa taa na mpakaji vipodozi wawe mashahidi, akaandika na majina yao.

"Binti, umeridhika?"

Nihal akaitikia kwa kichwa ndani ya shela.

"Sitaki kichwa. Nataka ulimi."

"Nimeridhika," akasema Nihal, na nikamwona akijizuia kucheka.

Shehe akaushika mkono wangu, akauweka katika mkono wa Wagdi, akaifunika mikono yetu kwa kitambaa cheupe. Kiganja cha Wagdi kilikuwa na unyevu na joto la maandazi. Kisha shehe akaanza kunitamkisha kutoka daftarini mwake, nami nikamfuata neno kwa neno.

"Nakuoza binti wa kaka yangu, niliye walii wake, Nihal Nurullah..."

Katika maandishi yangu bibi harusi aliitwa Safinaz.

Nililisikia jina likinitoka mdomoni. Nikajua ni kosa. Nikajua pia kwamba kopo lile ndilo la mwisho, na kwamba sauti tungeitia baadaye studioni, jina lingebadilishwa na hakuna ambaye angejua. Nikaendelea. Nilitaja na mahari, robo pauni, kama ada.

"Nimekubali kumuoa," akasema Wagdi Fakhri, na kwa mara ya kwanza katika filamu thelathini na moja hakukosea mstari wake.

"Mungu awabariki," akasema shehe. "Tieni sahihi. Picha za maharusi mtaniletea."

Tukatia sahihi. Tukapiga makofi. Mwongozaji akalia kidogo.

Ijumaa yake, baada ya sala, Hatim na mama yake, Bi Naimat, walikuwa sebuleni kwangu. Mama huyu alikuwa ameleta bakuli la wali wa maziwa, nasi tulikuwa tukizungumzia idadi ya viti. Mlango ukagongwa. Nikamkuta Shehe Mitwalli na mkoba wake.

"Nimefuata picha, bwana. Hati haiwezi kwenda mahakamani bila picha."

Nikaona huu sasa ni uigizaji wa kupita kiasi. "Shehe, kazi iliisha Jumatano."

"Ndiyo, na ninyi mmelala. Watu wengine huja asubuhi yake."

Bi Naimat akainua kichwa. "Picha za nini, shehe wetu? Si ndoa ni Alhamisi ijayo?"

"Alhamisi?" Shehe akavuta daftari, akalisogeza karibu na miwani. "Mama, hawa nimewaozesha kwa mkono wangu. Wagdi Fakhri Abdulmuti, na Nihal Nurullah, bikira, kwa uwalii wa ami yake. Huyu hapa."

Nitawaambia sasa nilichokuja kukijua baadaye kidogo, nilipomshika Haji Bayumi ukosi. Shehe alikuwa shehe kweli, msajili wa ndoa wa mtaa wake kwa miaka thelathini, mtu ambaye hajawahi kukanyaga sinema. Haji alijua kwamba akimwambia ni filamu hatakuja. Kwa hiyo alimwambia kuna harusi. "Harusi si harusi, Ustadh?" ndivyo alivyonijibu. "Mnunuzi alitaka ya kweli!"

Lakini siku ile sebuleni hapakuwa na Haji wa kumshika ukosi. Palikuwa na Bi Naimat, aliyekuwa tayari amelichukua bakuli lake.

"Hatim, vaa viatu. Huyu bwana binti mmoja kamtoa mara mbili."

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini? Nihudhurie arubaini ya aibu yangu? Vaa viatu!"

Hatim hakuvaa. Alimgeukia Nihal, ambaye alikuwa amesimama karibu na dirisha, hana damu usoni.

"Ni kweli?"

"Ilikuwa filamu, Hatim. Nilivaa shela, basi."

"Ulisema umeridhika?"

"Nilisema."

Kijana akafikiri kama anavyofikiri, nadhani, mbele ya bomba lililopasuka. "Basi niletee karatasi ya kuifuta," akasema. "Nitakungoja mpaka Alhamisi. Baada ya hapo mama hataningoja mimi."

Nilimkuta Wagdi kwa kinyozi wake, mtaa wa Imadudini. Kichwa kizima kilikuwa kimepakwa dawa nyeusi na kufungwa gazeti, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokufa chini ya sakafu.

"Baba mkwe!" akaita. "Mleteeni baba mkwe chai."

"Toa talaka, Wagdi. Sasa hivi, mbele ya kinyozi."

"Mbona haraka? Hata fungate bado."

"Unajua kwamba kuhusu yule shehe tulidanganywa sote."

"Mimi sikudanganywa. Nimeulizwa, nimejibu." Akajitazama kiooni, akafuta tone jeusi sikioni. "Ustadh, miaka saba hakuna jarida lililotoa picha yangu, ila moja lililouliza kama bado niko hai. Leo wamenipigia wenyewe. Nyota amuoa msomi kwa siri! Ukurasa mzima! Na wewe unataka niwaambie kwamba nimemwacha kabla wino haujakauka?"

"Ni dhuluma hiyo. Mtoto wa watu ana mchumba."

"Dhuluma?" Akageuka na kiti chake, na kwa mara ya kwanza hakuwa akicheka. "Maneno uliyaandika wewe, Ustadh. Mkono ulinipa wewe. Mimi nimesema mstari wangu tu."

Kinyozi akaangalia pembeni. Nilitoka na kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho haikuwa kwa ajili ya Wagdi.

Jumatatu nilikwenda na Nihal kwa wakili niliyelala naye bweni moja miaka mitano. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni wakati wa sala, tusionekane tumesinzia.

"Maandishi ya filamu yaligongwa mhuri na wakaguzi?" akauliza.

"Yaligongwa. Lakini onyesho la ndoa niliongeza siku ileile. Halina mhuri."

"Kwa hiyo hakuna karatasi hata moja inayosema ile ilikuwa filamu. Kuna daftari la serikali linalosema ilikuwa ndoa, lenye sahihi yako."

"Hakuna njia?"

"Iko moja, na ni fupi. Uende kwa mwendesha mashtaka, useme kwa ulimi wako kwamba ulipiga onyesho bila idhini na kwamba kampuni yako ilimhadaa ofisa wa serikali. Mashahidi wako wawili watakufuata, na kesho yake daftari litasimamishwa. Binti atakuwa huru kabla ya Alhamisi. Wewe utapoteza leseni, na sikufichi, huenda ukalala ndani miezi kadhaa."

Hapa ndipo pa kuungama, na nisingependa kupapamba.

Kazi ile niliichukia. Kila asubuhi nilikuwa nikisema kwamba nikipata sababu moja ya heshima ya kuiacha, nitaiacha. Sababu ilikuwa imeletwa mezani, safi kabisa. Tena ilikuwa kweli tupu, ile ile kweli niliyochapwa nikiwa mtoto ili niijue.

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

Nihal alikuwa ameketi pembeni yangu. Alinigeukia, akanitazama, kisha akaitazama mikono yake. Ndani ya teksi ndipo alipozungumza.

"Ami, ile filamu yako ya mke na sanduku."

"Ipi?"

"Ya mwaka juzi. Mzee anaoa kwa siri, halafu mke mpya anabeba sanduku lake, anakwenda kugonga mlango wa mke mkubwa. Nimeipiga chapa mimi. Mume hutoa talaka baada ya muda gani?"

"Dakika moja na nusu," nikasema. "Ilikuwa ndefu, tukaipunguza."

"Wagdi anamwogopa mkewe. Kila mtu anajua. Fleti ni ya mkewe, gari ni la mkewe." Akainama mbele kwa dereva. "Tupitie nyumbani tuchukue sanduku, halafu Abasia, kwa Wagdi."

Ningeweza kumkataza. Nilikuwa walii wake. Lakini nilijua kwamba iwapo hila ile ya kipumbavu, niliyoitunga nikiwa na homa, ingefaulu, basi mimi nisingelazimika kwenda popote na kuungama chochote. Kwa hiyo nilibeba sanduku. Tena nililichagua zito, lionekane la mtu anayehamia.

Ghorofa ya tatu, Nihal akabonyeza kengele. Nilisimama ngazi moja nyuma yake.

Aliyefungua alikuwa Bi Inshirah, mke mkubwa wa Wagdi Fakhri, mwanamke mpana, bangili mpaka kwenye kiwiko.

"Naam?"

"Mimi ni mke mwenzio," akasema Nihal bila kutetemeka. "Mume wetu yuko?"

Bi Inshirah akamtazama kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka nywele. Mimi nilikuwa nikiungoja ule ukelele. Niliuandika mwenyewe, ninaujua urefu wake. Baada yake husikika sahani, kisha mume hutoka mbio na soksi moja.

"Umechelewa, mwanangu," akasema Bi Inshirah. Akageuza kichwa ndani, akapaza sauti. "Wagdi! Kaja mwenyewe! Na wewe ulikuwa ukisema tutume gari!"

Nyuma yake nikaona sebule imejaa watu. Taa za kupigia picha zilikuwa zimesimamishwa, mtu mmoja alikuwa na kamera shingoni, mwingine na daftari. Wagdi alikuwa ameketi kwenye kochi la dhahabu na nywele zake mpya, na pembeni yake palikuwa na nafasi wazi.

"Kwani hakuwaambieni?" Bi Inshirah alikuwa amekwisha mshika Nihal kiganja. "Habari hii ni mimi niliyeipeleka jaridani. Kazi ya mume wangu ikifa, nani atalipia maisha haya? Wewe? Ingia, ingia, mtoto mzuri, usione haya."

"Mama, niache, mimi nimekuja kutaka..."

"Utataka ukiwa ndani."

Akamvuta. Kwa mkono wa pili akaninyang'anya sanduku, nami, Mungu anisamehe, nililiachia kwa adabu, kama mtu aliyesaidiwa mzigo.

"Wewe mkwe urudi kesho," akaniambia. "Leo ni siku ya maharusi."

Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

Niligonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Ndani mtu alicheka, mwanga mweupe ukapita chini ya mlango, ukapita tena. Jirani alifungua dirisha la ngazi, akaniuliza kama mimi ni fundi wa maji.

Nikatazama saa. Saa saba na dakika ishirini. Ofisi ya mwendesha mashtaka hufungwa saa nane, na kutoka Abasia, kwa teksi, ningefika zikiwa zimebaki dakika chache tu. Kule kulikuwa na sentensi tatu za kweli ambazo zingemtoa Nihal katika daftari lile. Hapa kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtoto wa kaka yangu peke yake, pamoja na mtu ambaye sheria, kuanzia Jumatano mpaka mimi nifumbue mdomo, ilimwita mume wake.

Nikishuka, nimemwacha humo. Nikibaki, nimemwacha humo vilevile.

Nikashuka ngazi kumi. Nikasikia sanduku likianguka sakafuni juu yangu, na vicheko vikakatika ghafla.

"Ami!" akaita Nihal.